Ndoo ya Mlangoni

"Mwalimu, niangalizie kidogo, nimpigie mama nimwambie!" Binti mwanafunzi wa profesa akatoka maabarani mbio, anacheka peke yake.

Profesa akainamia darubini. Ndani ya tone la maji, kidudu cha seli moja kilikuwa kinazunguka kama pia, kina mikia minne ambayo hakuna kitabu kilichowahi kuichora. Kipya kabisa. Hata ukoo hakina.

Yeye alikuwa amezeeka akitafuta kidudu kipya kama hiki. Alichota matope ya maziwa, akatambaa mapangoni, mgongo ukaharibika, ndoa ikafuata. Binti huyu alichovya tu kichupa kwenye ndoo ya kukingia maji ya paa linalovuja, mlangoni kwa profesa mwenyewe. Ndoo hiyo hiyo aliyoiruka kila asubuhi akiwalaani mafundi.

Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Taa ya darubini ilikuwa inachoma, na tone likaanza kukauka. Ukingo wa maji ukasogea ndani taratibu. Kidudu kikaugusa, kikarudi nyuma. Tone lingine moja tu la maji lingetosha, na bomba la kudondoshea lilikuwa pale pale, linagusana na kidole chake. Kidudu kingine hakikuwepo. Mfagiaji alishaimwaga ndoo.

"Ndiyo, mama!" Sauti ya binti ilitoka ukumbini. "Mwalimu wangu mwenyewe ndiye anakiangalia!"

Ukingo ukafika. Mikia ikatikisika, ikatulia.

Mlango ukafunguliwa. "Bado kinazunguka, mwalimu?"

Profesa hakuondoa jicho kwenye darubini.

"Kinazunguka, mwanangu."