Bi Kishingo na Mayai ya Kanga

Palikuwa na kuku mzee, Bi Kishingo, aliyevimba mguu akashindwa kuchakura. Bata mwenye huruma akawa anamletea mtama kila asubuhi.

"Usisogee, bibi. Sisi tupo."

Bi Kishingo hakusogea. Mguu ukakakamaa, na moyo nao ukawa mzito. Mwishowe akaugeukia ukuta, mtama ukaliwa na sisimizi.

"Mguu ndio unaomuua," Bata akalia.

Siku moja akaja Kanga mzururaji, bila hata punje moja.

"Bibi, nisaidie. Mayai yangu yanapoa, na mimi kutulia siwezi."

"Huna haya!" Bata akafoka. "Huoni hali yake?"

"Naiona. Lakini kifua chake bado kina joto."

Bi Kishingo akageuka polepole. "Yalete," akasema. "Na wewe Bata, mtama uweke pale mlangoni. Nitaufuata mwenyewe."

Mayai yalipoanguliwa, mguu ulikuwa bado unauma. Alitoka nje akichechemea, na vifaranga, miguu yao mizima, wakachechemea nyuma yake wakidhani ndivyo watu wazima wanavyotembea.

Bata aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasogea taratibu.

"Bibi," akasema, "hata mimi nina mayai."