Chini ya Bomba la Taa

Bomba la kutundikia taa juu ya ukumbi wa maonyesho lilibeba kilo mia mbili na sita, na mwisho wake ni mia mbili. Fundi Mbaruku alipima taa zote, akasahau nyaya. Na sheria inataka familia ya fundi ikae chini ya bomba lake kila onyesho.

Bomba halikuanguka. Ila mkewe, Salha, aliisoma mizani ya bomba iliyo ukutani.

“Baba Rukia, umetuketisha chini ya hili?”

“Zimezidi sita tu, mama.”

“Sita tu? Rukia nilimzaa ana tatu.”

Akachukua watoto, akahamia kwa dada yake. Fundi asiye na wa kumkalisha chini ya bomba haruhusiwi kutundika kitu.

Sasa Mbaruku anapika chai ya kikombe kimoja. Amepoteza mke, watoto wawili na kazi ya miaka kumi na tisa.