Sahihi ya Nyumba

Siku hizi barua ya kumlalamikia mjenzi haipokelewi popote bila sahihi ya nyumba yenyewe. Kwa hiyo Mwajabu aliketi sebuleni, beseni likikinga mvua pembeni yake, akaisomea nyumba yake barua.

"Kwa Mkandarasi Mapunda. Umevunja mkataba. Uliahidi kuezeka paa zima, ukaezeka nusu, kisha ukatokomea. Mama yangu analala chini ya turubai, na kifua kinambana."

"Maneno makali hayo, dada," ikasema nyumba kutoka ukutani. "Mzee Mapunda ndiye aliyenifundisha kusema."

"Kuona hakukufundisha? Huoni unavuja?"

"Mzazi hasemwi hadharani."

Chumbani mama alikohoa, akakohoa tena. Mwajabu akauma meno. "Na huyo je, si mzazi?"

Nyumba ikajibu: "Pole yake. Basi andika kwamba tunamshukuru kwa nusu aliyoezeka. Hapo nitatia sahihi."

Mwajabu aliikunja barua, akauendea mlango ili ampelekee Mapunda mwenyewe, ana kwa ana. Kitasa kikagoma kuzunguka.

"Kaa ndani, dada," ikasema nyumba kwa upole. "Nje kuna mvua."