Kandambili ya Breki

Baiskeli ya Machaku haikuwa na breki. Kila mteremko alikandamiza tairi la mbele kwa kandambili yake, na baada ya vilima vitatu vya msitu, soli ilikuwa imelika ikabaki nyembamba kama karatasi. Nyuma yake Zawena alikuwa amempakata mtoto aliyehema kwa shida tangu alfajiri. Mteremko wa mwisho ulikuwa na kona tano hadi kwenye zahanati, ambayo bati lake lilikwisha kuonekana kati ya miti.

“Punguza, kaka. Utatuua.”

“Napunguza, dada. Husikii harufu ya mpira?”

Walipita kona mbili. Zawena akainamisha sikio kifuani kwa mtoto, akaliacha hapo.

“Kaka, toa mguu.”

“Kona bado tatu, na malori ya magogo yanapanda saa hizi.”

“Hahemi. Toa mguu.”

Machaku akainua mguu. Kandambili ikamchomoka, ikaanguka katikati ya barabara, ikabaki pale ikifuka moshi. Walikwisha kupotea kwenye kona, na huko chini, nyuma ya miti, lori likapiga honi.