Pua ya Plastiki

Bwana Msabah alikishika kidude kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi, akakirudisha mezani.

"Hichi ndicho chenye pua?"

"Naam, Bwana Msabah," alijibu Ridhwan.

"Mbona matundu siyaoni? Mie naona kisahani cha sabuni."

Bi Mardhiya alicheka kwa adabu. Nyumba ya wageni ilikuwa yake, hapo Mkunazini, ghorofa tatu, na boriti za dari zimekauka mia kwa mia. Mwaka uliopita chumba kimoja kiliwaka, na mgeni akanusurika kwa kurukia paa la jirani. Ving'ora vya moshi alikuwa navyo, vya kununua dukani, lakini kila Alkhamis akifukiza udi vilipiga kelele nyumba nzima, hata akavitoa betri vyote.

Ridhwan, fundi wa simu wa Mpendae aliyesoma umeme kwa masomo ya jioni, alikaa miaka miwili akiunda cha kwake. Hakikuwa na waya. Kilipeleka habari kwenye simu hata mwenye nyumba akiwa Kiembe Samaki. Na juu ya hayo, kilifundishwa kuutambua udi na kuunyamazia. Kikifaulu leo, Bi Mardhiya angeagiza vya vyumba vyote kumi na viwili. Kikishindwa, Ridhwan angerudi kubadilisha vioo vya simu, na boriti zingebaki na Mungu wao.

Msabah aliitwa awe mwamuzi. Nani mwengine? Miaka thelathini na tano aliuza udi Darajani, na bibi harusi ambaye nguo zake hazikupita katika moshi wake alihesabiwa kuwa hakuozwa. Kuwekwa meza moja na kile kisahani aliona ni tusi. Juzi huyu alikuwa akikwangua simu zilizoingia maji, leo anaunda pua!

"Kunusa umesomea wapi wewe?"

"Sikusomea kunusa, mzee wangu. Nimesomea umeme. Kidude nimekifundisha kwa udi wa bibi yangu, aliouweka kashani tangu harusi yake."

"Ahaa. Mwanafunzi plastiki, mwalimu ajuza. Skuli imekamilika."

Ridhwan alitoa kiberiti. Alichoma kitambaa ndani ya sufuria. Kidude kikapiga ukelele, na simu ya Yusra, binti wa Bi Mardhiya, ikatetemeka mkononi: Moto, chumba cha mbele. Yusra akapiga makofi.

"Hata paka wa markiti hukimbia moshi," alisema Msabah. "Naye tumpe vyumba kumi na viwili?"

Ikafika zamu ya udi. Ridhwan akatoa kikaratasi mfukoni.

"Nimekuja nao, ule wa bibi."

"Rudisha. Mwanafunzi hajitungii mtihani." Msabah alifungua kopo lake dogo, akalipitisha chini ya pua ya kila mtu ila ya Ridhwan. "Huu ni wa Kambodia. Ndio aununuao Bi Mardhiya tangu mumewe yu hai."

"Kweli," alisema Bi Mardhiya. "Nyumba hii haijafukizwa udi mwengine."

Hilo Ridhwan hakuweza kulipinga. Msabah akatia vipande viwili kwenye chetezo, juu ya makaa. Moshi ukapanda taratibu, ukajaa chumbani. Bi Mardhiya akafumba macho, akautandazia ukaya wake wa kichwani. Kidude kilikaa kimya. Midomo ya Ridhwan ilikuwa ikienda bila sauti.

Kisha kikalia.

Kililia kwa nguvu zaidi kuliko kwa kitambaa, na simu ya Yusra ikarukaruka mezani. Msabah alijipangusa machozi ya kicheko.

"Kizimeni, kisije kikaita zimamoto! Mwenzenu kanusa udi wa Kambodia kadhani Mkunazini inateketea!"

"Haiwezekani," alisema Ridhwan. Alikizima, akakigeuza, akakiwasha tena. "Jana nimejaribu mara kumi. Mara kumi kilinyamaza. Bi Mardhiya, tafadhali, niruhusu niweke huu wa bibi, kipande kimoja tu."

"Mwache ajaribu, mama," alisema Yusra. "Kipande kimoja kitatupunguzia nini?"

Bi Mardhiya alitazama dari. Alikumbuka mgeni wake juu ya paa la jirani. Mkono ukaanza kunyooka kukipokea kile kikaratasi.

Msabah akasimama, akavaa kofia yake vizuri.

"Bi Mardhiya, kama udi wa ajuza wa Mpendae ndio mizani ya kupimia wangu, sema tu nshike njia. Sitokasirika. Lakini harusi ya huyu binti itakapofika, mtafute wa kukufukizieni."

Mkono wa Bi Mardhiya ukarudi mapajani.

"Kaa, Bwana Msabah. Hapana aliyekuvunjia heshima." Kisha, bila kumtazama fundi: "Mwanangu, umejitahidi. Chukua kitu chako."

Ridhwan akakifunga kidude ndani ya taulo. Mlangoni alimuaga Msabah kwa shikamoo, kama alivyolelewa, na Msabah akaitikia marahaba akitazama ukuta. Watu wa namna hii, Msabah alimwambia Bi Mardhiya, ukiwaachia mlango wazi kesho watakuundia na ulimi wa kuonja pilau.

"Nisamehe kwa usumbufu," alisema Bi Mardhiya. "Na Alkhamis ijayo niletee kopo jengine."

"Kwako wewe, la mwanzo kabisa."

Msabah alirudi Darajani kwa mwendo wa mshindi. Akashusha mlango wa duka nusu, akaingia stoo, akachagua ubao mmoja kutoka kasha bovu lililoletewa vigae vya sakafu, akaupasua vipande vya ukubwa wa kidole, akavitumbukiza kwenye sufuria ya mafuta ya manukato. Kisha akachukua kopo tupu, akaandika juu yake kwa hati nzuri: Bi Mardhiya.