Jina la Mgongoni

Fundi Herieth alipoingiza wembe kwenye mgongo wa Venance, watu watano walikuwa wanatazama na hakuna aliyepiga yowe.

Venance mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Taratibu basi, dada," alisema. "Hiyo ni jezi, si kuku."

Jezi namba kumi na moja ya Kimbunga, timu ya kikapu ya Temeke, ilikuwa imelala kifudifudi kwenye meza ya cherehani. Jina la kapteni lilikuwa linang'olewa herufi moja moja. V. E. N. A. C. E. Fundi alizipanga pembeni kwa mstari, kama anaanika dagaa.

Kila ligi ikiisha mambo yalikuwa hayohayo. Kabla klabu haijamposti mchezaji mtandaoni na kumpa thenkyu yake ya kumwaga, Mzee Mwinshehe, meneja wa timu, huleta jezi kwa fundi ikiwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: FUMUA. Ndiyo maana msimu wa usajili wachezaji walipitapita sana kwenye banda hilo lenye kibao cha NGUO ZA KIKE NA KIUM, wakijifanya wana suruali za kupunguza. Watu wa futi sita na nusu, suruali za kupunguza!

Kikaratasi cha leo kilikuwa kimekunjwa. Juu kilisomeka: NA. 11 FUMUA. Herieth hakuhangaika kukikunjua. Hilo neno alishalizoea.

Wiki iliyopita fagio la kuachwa lilimpitia Albano, mchezaji mwenzake Venance. Venance akampelekea fagio la chelewa hadi kwake Tandale, mtaa mzima ukafa kwa kicheko. Kisha akamgeuzia mgongo wa jezi yake na kujigonga kati ya mabega kwa kidole gumba.

"Soma hapa, mdogo wangu. Miaka tisa Kimbunga. Hili haling'oki."

Albano akasoma. Akasoma tena. Halafu akaanza kucheka mpaka machozi, Venance akajua ni uchungu.

"Nimelisoma, kapteni," alisema Albano. "Kweli hilo ni lako peke yako."

Siku mbili baadaye jezi zote zilikusanywa kupelekwa kwa dobi. Ya Venance haikurudi. Aliifuatilia mpaka hapa, na hapa ndipo alipoikuta chini ya wembe.

Talha, muuza juisi ya jirani, aliweka jagi chini. "Albano hayupo, sasa na kapteni kaachwa. Nani atadaka mpira chini ya goli? Mwaka huu sie tutafungwa mpaka na kwaya."

"Kaachwa nani?" Venance aligeuka. "Mie siachwi. Mie naacha."

"Hata mie nilimwambiaga mume wangu hivyohivyo," alisema Talha. "Talaka kaiandika yeye."

Banda lilicheka. Venance aliokota ile V, akaitazama kiganjani.

"Miaka tisa, fundi. Goti langu hili limechanwa kwa ajili yao. Wameshindwa hata kunikalisha chini wakaniambia?"

"Si umpigie mzee umuulize?"

"Nimpigie nimlilie? Thenkyu inatokaga lini?"

"Mkifumuliwa leo, kesho saa nne asubuhi."

"Basi saa nne itanikuta nimeshahama."

Alizima simu, asije akapigiwa na kuagwa. Timu ya Sinza ilimbembeleza mwezi mzima, naye akawajibu kwamba Sinza atakwenda kwenye jeneza. Leo alikwenda kwa bodaboda.

Alasiri alirudi amebeba jezi nyekundu.

"Nimesaini miaka miwili," alitangaza. "Kesho wakiposti thenkyu yao, watu watajua nani kamwacha nani."

"Hongera! Namba yako ileile?"

"Ina mtu. Wamenipa ishirini na tisa." Akapunguza sauti. "Nafasi yangu nayo ina watu wawili. Nitaanzia benchi. Lakini benchi la heshima."

"Hilo ndilo likoje?" aliuliza Talha. "Lina foronya?"

Venance alimgeukia Herieth. "Nishonee jina, fundi. Tumia herufi zilezile, nimezizoea."

Herieth alizichukua kwa mpangilio uleule alioziweka, akashona. Alikuwa anakata uzi wa mwisho Mzee Mwinshehe alipoingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Eh, kapteni! Afadhali nimekukuta. Tangu mchana nakupigia, hupatikani." Alinyanyua jezi namba kumi na moja, akaigeuza. "Fundi, mbona tupu?"

"Si umeandika fumua?"

"Na chini yake nimeandika nini?"

Herieth alichomoa pini, akakikunjua kikaratasi. Akasoma polepole, na kila neno likazidi kuishusha sauti yake.

"Fumua... halafu ushone upya. Safari hii usisahau N ya pili. Kesho saa nne kapteni anasaini miaka mitatu mbele ya wadhamini. Hii ndiyo jezi ya picha."

Venance alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yakamfika kidevuni.

Mzee Mwinshehe alikuwa ameshaiona ile nyekundu juu ya cherehani. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya jina, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Na huyu Venace wa Sinza," alimuuliza kapteni, "unamfahamu?"