Chiriku Aliyegombea Bwawa

Kila asubuhi Chiriku alitangaza majina ya wanyama walioliwa na Mamba, mtawala wa bwawa. Mamba akamfunga mwaka mzima na kumvunja mdomo. Alipoachiwa, Chiriku akagombea utawala.

Siku ya mkutano Mamba alimcheka. "Haya, mheshimiwa mgombea, wataje hao niliowala!"

Chiriku alijikaza, lakini mdomo ule haukutoa sauti. Akajua yamekwisha.

Ndipo Swala, mjane, akasimama. "Ulimla mume wangu, Sengeru."

"Na mwanangu Kibwiri," akadakia Ngiri.

Majina yakamiminika hadi jua likawa utosini. Mamba akageuka kuwaita walinzi wake, akina Kenge. Aliwakuta wamepanga foleni, wakingoja kuwataja wa kwao.